Kibao Shingoni mwa Mbombo

Mpendwa binti yangu Mbombo,

Leo tena nimeshindwa kutulia kitini. Nilikuwa nafundisha ule mchezo wetu wa kuigiza wa kale, wa binti wa sokoni anayefundishwa kusema kama mabibi wakubwa. Treni ikapiga honi upande wa stesheni, nikajikuta dirishani. Wanafunzi wamenizoea.

Unakumbuka kile kibao cha mbao, ulipokuwa mwanafunzi wangu? Aliyenaswa akisema Kiswahili shuleni alivishwa shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Mimi nilitaka binti wa sokoni, uliyemwigiza wewe, aanze kwa Kiswahili chetu cha Likasi, ndipo aingie kwenye Kifaransa. Mkuu wa nidhamu akatukuta katikati ya mazoezi, akakuvika kibao. Ukacheza nacho hivyo hivyo, na ulipofika kwenye Kifaransa cha mabibi ukakivua taratibu, ukamvika kijana aliyecheza mwalimu. Hata mkuu alicheka mpaka nidhamu ikamtoka. Siku ile niliringa sana, nikawaambia walimu wenzangu kwamba utafika mbali.

Kisha mji ukaharibika. Kiwanda cha shaba kilicholisha mji kikazorota, na watu waliozoea kula pamoja wakaanza kuulizana baba zao walitoka wapi. Baba yako alikuja kutoka mkoa wa Kasai akiwa kijana, basi ikatosha mfukuzwe. Nilikukuta stesheni na wazazi wako, mmekaa juu ya magunia mkisubiri treni ya Kasai, nawe bado umevaa sare ya shule. Nilikuwa nimewaletea mkate. Ukaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, miye nilizaliwa hapa. Luga ya kule sijue. Nitasema namna gani na bantu?"

Mwaka mzima nilikufundisha kusema, na pale nilichoweza ni kukushika mkono tu. Uchungu ule haujanitoka, Mbombo, ndiyo maana sikai treni ikipiga honi.

Kibao nilikitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kikaivisha maharagwe. Mkuu bado anakitafuta.

Leo mwanafunzi mmoja ameuliza yule binti alikwenda wapi baada ya kujifunza kusema vizuri, maana kitabu hakimwambii wazi. Nikamjibu kwamba alipanda treni. Darasa zima likageukia dirishani, kwa sababu kila mmoja ana jirani aliyepanda.

Kama ulishuka salama, na kama umepata hata mtu mmoja wa kuongea naye, nijulishe. Kwa lugha yoyote, binti yangu.

Mwalimu wako,
anayesimama kila treni inapopita