Kinachobaki Figo Likioshwa

Jumatatu, 2 Machi

Sijamwambia mtu yeyote: namwonea Cheruto wivu. Rafiki yangu wa pekee hapa Kidato cha Tatu. Naona haya hata kuandika.

Leo nimebadilisha maji ya sabuni maabarani, kama kila jioni. Vipande vya figo la kondoo vinazidi kuwa vyeupe. Sabuni imepasua seli na kuzisomba. Kinachobaki ni kiunzi kilichokuwa kimezizunguka, nyuzi za protini tupu. Mradi huu ni wazo langu. Figo nililinunua mimi, buchari ya Kapseret.

Madam Nafula, mwalimu wetu wa Biolojia, amesema Cheruto ndiye ataongea kwenye mashindano ya sayansi Jumamosi. Tukishinda, tunaenda Nakuru. Mimi nitashika mtungi wenye vipande. Ati sauti yangu haifiki dirishani.

Jumatano, 4 Machi

Cheruto amefanya mazoezi mbele ya darasa. Walicheka pale alipotaka wacheke. Nilichukia hata meno yake.

Halafu akasema kile kiunzi ni gunia tu la kubebea seli. Si kweli. Seli ya figo hukishika, na kwa mshiko huo hujua ikae wapi, ifanye kazi gani, iendelee kuishi au la. Sura ya kitabu inayoeleza hayo nimeisoma mara mbili.

Akaniuliza kama kuna kitu amekosea. Nikasema hapana.

Ijumaa, 6 Machi

Bado naweza kumwambia. Sijamwambia. Nataka akosee, mara moja tu, watu wakimwona.

Jumamosi, 7 Machi

Alianza vizuri. Jaji, mama mmoja wa miwani, akauliza seli ya figo ikiachana na kiunzi inakuwaje.

"Inaelea tu, Madam, ikitafuta gunia lingine."

Ukumbi ulicheka. Jaji hakucheka. Akanigeukia mimi. Jibu lilikuwa mdomoni: nyingi hufa. Nikaangalia viatu vyangu.

Hatukupita. Nakuru wanaenda wengine.

Nje, Cheruto alilia. "Pole, Akinyi. Kazi yako nimeiharibu."

Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Baada ya masomo nilimwita Cheruto maabarani. Nikamwambia seli nyingi zikiachana na kiunzi hufa, kwamba kosa lake la gunia nililijua tangu Jumatano, na kwamba ulikuwa wivu. Kisha akauliza seli zinakufa kwa nini. Nikamweleza yote, polepole. Alisikiliza bila kuniangalia, akachukua begi lake, akaenda.

Nikamwaga maji. Nikaosha mtungi, nikazika vile vipande nyuma ya maabara, nikafunga mlango.