Nilivyomfupisha Mzee Gidabarda

Gendabi,
Katesh, Hanang.
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Oliva,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na baridi ya Makete umeshaizoea? Sisi tu wazima. Mahindi yamekauka vizuri na tunavuna wiki hii. Baba anakula na anagomba kama kawaida yake.

Shangazi, nina kosa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningesema nusu, halafu nikasingizia mtandao.

Unamkumbuka ng'ombe wa marehemu mama, yule mwekundu tuliyemweka kwa jirani yetu Mdatoga, mfugaji Mzee Gidabarda? Alikufa mwezi wa tatu. Mzee akatuletea ngozi, kama ilivyo desturi, tuone kwamba hakumuuza.

Unajua yeye na baba miaka yote wameelewana kwa Kiswahili cha vipande: "Maji iko. Ng'ombe zaa. Kesho kuja." Kwa mambo ya mifugo vilitosha. Siku ile havikutosha. Alisema, "Ng'ombe kufa. Mimi hapana iko," akakwama. Ndipo akanigeukia na kueleza kwa Kidatoga, lugha uliyonifundisha wewe tulipokuwa tukichunga na watoto wa Wadatoga. Alisema asingekuwa amekwenda kumzika binti yake, angemwona ng'ombe anavimba tumbo na angemwahi. Anaona aibu, anaomba radhi.

Nilielewa kila kitu. Lakini nilikuwa na hasira, namlilia ng'ombe wa mama, nikamwambia baba, "Anasema amekufa tu."

Baba akaikataa ngozi. Mzee akaikunja, akaondoka nayo begani. Tangu hapo hawasalimiani.

Juzi baba akasema, "Angeomba radhi hata kidogo, ningeipokea." Jana nikamweleza yote. Mtu alikuwa na msiba, nami niliuficha! Naona aibu sana, Shangazi.

Hakunifokea; heri angenifokea. Aliuliza tu mzee alisemaje, neno kwa neno. Leo tangu asubuhi yuko uani anajifunza kusema kwa Kidatoga: "Ningejua umefiwa, ningekuja kuzika." Ulimi ni mzito, anarudia mpaka kuku wanamkimbia. Kesho anakwenda kwa mzee. Nilimwomba nifuatane naye nikamsemee, akakataa. Amesema nimfundishe tu, ila sitamsemea tena.

Wasalimie Wolfgang na Rogathe. Mungu akulinde, na ukijibu unikemee, nimestahili.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata katika aibu hii,
Judica