Baiskeli ya Rukia

Kanga, Mafia

Mjukuu wangu Hamadi, mume wangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipata, nasi huku tu wazima. Shangazi yako kavuna mwani vizuri, na goti langu limetulia.

Umeuliza kama umnunulie mwanao Rukia ile baiskeli ya bei kubwa ya kwendea shule, au ni kumdekeza.

Nilipokuwa darasa la tano, baba yangu alinunua baiskeli mpya kabisa. Akaifunga matambara, akaiegemeza chumbani, nami nikaendelea kwenda shule kwa miguu. Mama alivumilia mwezi mzima. Asubuhi moja akaitoa uani mwenyewe, akaniambia, "Panda."

Nilianguka mara tatu mchangani. Mara ya tatu taa ilivunjika, na baba kasimama mlangoni ananitazama. Nikangoja kipigo. Akaiinua baiskeli, akanyoosha usukani, akasema, "Usitazame gurudumu. Tazama unakokwenda."

Nikapanda tena, na safari hii sikuanguka. Nikaupita msikiti, nikawapita wavulana waliozoea kunicheka, nikaingia shuleni napiga kengele. Wanafunzi wote walikuwa mstarini, na mwalimu akaacha kuita majina. Nyuma yangu baba alikuwa anakimbia, kashika pindo la kanzu, anamwambia kila anayekutana naye, "Yule binti yangu."

Basi mnunulie, kama moyo wako utavumilia kuiona imechubuka wiki ya kwanza. Siku atakayofika shule peke yake, nipigieni nimsikie mwenyewe akinisimulia.

Bibi yako,
Mwanakheri