Kioo Nilichochelewa Kukitoa Kabatini

Jumanne, mwisho wa mwezi wa saba. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la dawa. Wagonjwa wengi wa leo walikuja na mafua na kikohozi, kama kawaida ya baridi hii ya Manyoni. Nimechoka, lakini nisipoandika leo nitajitafutia sababu ya kutoandika kabisa.

Leo nimemwambia mgonjwa kwamba nilikosea.

Mimi ni tabibu katika kituo kidogo cha afya. Huu ni mwaka wangu wa sita hapa tangu nilipotoka nyumbani Kiomboi. Mgonjwa mwenyewe ni Mzee Yusufu, mnadi wa mnada wetu wa ng'ombe. Siku za mnada sauti yake ilikuwa inafika hadi huku kituoni, nami nilikuwa najua bei za madume bila kutoka ofisini.

Mwezi wa kwanza alikuja sauti imekauka. Alisema ni wiki ya tatu. Nikamwambia afungue mdomo, nikakandamiza ulimi kwa kijiti cha mbao, nikamulika tochi. Koo lilikuwa jekundu kidogo. Nikampa dawa na kumwambia apumzishe sauti. Mwezi wa pili akarudi na hali ileile. Nikatumia kijiti na tochi vilevile, nikabadilisha dawa. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: mtu anayenadi kwenye vumbi miaka yote hiyo, na sigara juu yake, sauti itaachaje kukauka?

Tatizo ni kwamba kwa kijiti na tochi unaona nyuma ya mdomo tu. Nyuzi za sauti ziko chini zaidi, zimejificha nyuma ya shina la ulimi, na huzioni hata ukimulika kutwa nzima. Nilifundishwa hilo chuoni. Nililijua siku zote mbili.

Na kioo kilikuwepo.

Ni kioo cha duara, kidogo kama sarafu, kimefungwa kwenye mpini mrefu uliopinda kwa mbele. Unakiweka nyuma kabisa ya koo, unamulika, nacho kinakuonyesha kilicho chini. Kilikaa kabatini kwenye kisanduku chake miaka yote niliyokuwa hapa. Nilikuwa najiambia kwamba foleni ni ndefu, sina muda. Ukweli ni kwamba chuoni mgonjwa wa kwanza niliyemwekea kioo alinitapikia mbele ya wenzangu, wakacheka, na tangu siku hiyo nikawa nakikwepa.

Mwezi wa tatu Mzee Yusufu alikuja na mkewe, Mama Salehe. Alijaribu kunieleza, ikatoka pumzi tupu. Mkewe ndiye aliyesema kwamba mnada uliopita alinadi mtu mwingine, mumewe akakaa pembeni, na aliporudi nyumbani hakugusa chakula.

Nikaenda kabatini.

Nilikisafisha kwa dawa, nikakichovya kwenye maji ya moto ili kisipate ukungu, nikakigusisha mgongoni mwa mkono wangu kuona kama hakitamchoma. Nikavaa tochi ya kichwani. Nikamwambia akae wima, atoe ulimi, nikaushika kwa kipande cha shashi. Mara ya kwanza alikabwa na kichefuchefu, tukapumzika. Mara ya pili kioo kiligusa ulimi, kikachafuka, nikakitoa. Mara ya tatu akasema "eee" kama nilivyomwelekeza, na nikaziona nyuzi mbili nyeupe zikijaribu kukutana. Hazikukutana. Ule wa kushoto ulikuwa na uvimbe mweupe, usio laini, mkubwa kama punje ya mtama.

Niliandika rufaa palepale.

Mzee alinisimulia baadaye mambo ya huko hospitali kubwa. Walimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akaliona koo lake mwenyewe kwenye skrini. Siku nyingine wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakaingiza bomba la chuma mdomoni, wakakata kinyama cha kupima. Jibu likawa saratani, lakini ndogo, bado haijatoka kwenye ule uzi. Akapigwa mionzi wiki nyingi.

Leo wamekuja kwangu kuleta karatasi za kliniki. Nikamwamkia mzee, akaitikia. Sauti imerudi, nyembamba na yenye mikwaruzo, ila ni sauti. Karatasi inasema anaendelea vizuri. Mama Salehe akaanza kunishukuru, akisema kwamba nisingetazama siku ile wangekuwa wanaongea mengine.

Ningeweza kuzipokea zile shukrani. Nilizipokea kama dakika moja hivi. Kisha nikafunga mlango, nikawaeleza kwamba kioo kilikuwepo tangu siku ya kwanza, na sikukitumia kwa uzembe wangu.

Mama Salehe aliacha kutabasamu.

"Ungetazama siku ile ya kwanza, ungeuona huo uvimbe?" akauliza.

"Pengine ningeuona, mama."

Akazikusanya karatasi moja moja, akazikunja, akazitia mfukoni mwake. Mzee Yusufu akanigeukia. Nilidhani atanikaripia, na ningeona ni haki yake.

"Wanaokuja sasa na sauti kama yangu," akasema polepole, "unawatazama?"

"Nawatazama, mzee. Wote."

"Endelea hivyo."

Akasimama. Mkewe alitoka bila kuniaga, na simlaumu.

Mchana mzima nilijisikia mwepesi, kama mtu mwema. Sasa nimekaa na kuandika, wepesi wenyewe unaniisha. Nilisema kweli kwa mtu anayepona, mwenye karatasi nzuri mkononi. Je, kama wangekuja na habari mbaya? Kama angekuja Mama Salehe peke yake?

Nimejiuliza hivyo mara tatu jioni hii. Jibu ninalolipata ni kwamba ningenyamaza. Kesho kituo kinafunguliwa saa mbili, na mtu huyo ambaye angenyamaza ndiye atakayekifungua.