Mzunguko wa Nne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, wala huisomi umesimama jikoni kwa jicho moja huku la pili likichunga sufuria, maana nakufahamu. Vipi viungo vya vidole? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeificha kabatini ukingoja siku utakayoumwa zaidi? Msalimu Baba, umwambie redio yake imekwisha kutengenezwa na fundi amekataa kueleza alichokikuta ndani. Mimi sijambo. Mama mdogo naye ni mzima kupita kiasi. Yuko chumba cha pili hapa kwangu, anaigombeza pasi.

Najua habari za Jumamosi zimeshakufikia, kwani ukoo wetu haujapata kuingoja posta. Lakini uliyoyasikia ni vipande, na kila aliyevipitisha ameongeza chumvi yake. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningejificha nyuma ya kule kukatizwa nisiseme ninalopaswa kusema.

Kama nilivyokueleza mwezi uliopita, jumba la utamaduni ninakofanya kazi liliandaa Juma la Sanaa za Jadi za Mataifa: siku sita za maonyesho na mafunzo, kuanzia ukumbi wetu mkubwa hadi uwanja wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Walikuja wachongaji, wasusi na wadarizi, na mzee mmoja mkata karatasi kutoka nchi ya mbali, akifuatana na mkalimani. Mratibu nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyependekeza Mama mdogo aje kufinyanga mbele ya watu, kwa kuwa wewe mikono imekugomea. Na alama ya juma zima ilikuwa ile mistari mitatu ya shingoni mwa vyungu vyetu. Ilichapwa kwenye mabango, kwenye mifuko, hata kwenye vikombe vya karatasi vya chai, na chini yake yakawekwa maneno kutoka katika tasnifu yangu ya chuo kikuu: mstari wa kwanza ni wa waliotangulia, wa pili ni wa waliopo, wa tatu ni wa watakaozaliwa.

Jumatatu asubuhi Mama mdogo aliingia ukumbini akakuta ametengewa meza, kiti na gurudumu la umeme la kufinyangia. Akauliza lile gurudumu ni la nani. Mkurugenzi wetu, ambaye tangu siku hiyo Mama mdogo anamwita Bwana Ratiba kwa sababu hapigi hatua bila karatasi yake mkononi, alimweleza kwa heshima kwamba litampunguzia kazi, na kwamba wageni wataona vizuri zaidi akiwa ameketi. Mama mdogo alimjibu kwamba gurudumu ni yeye mwenyewe. Akavua viatu, akatandika gunia sakafuni, akaweka ubao na bonge la udongo, akainama, akaanza kukizunguka chungu kinyumenyume kama mlivyozunguka siku zote, kiuno juu, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Watoto wa shule walicheka mpaka mwalimu wao akawatoa. Baada ya dakika kumi walirudi wenyewe, kimya, kwa sababu chungu kilikuwa kimeshaota shingo.

Siku iliyofuata mwandishi mmoja wa gazeti alimwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe siri ya mistari mitatu. Mama mdogo aliliangalia bango kama mtu anayesoma tangazo la harusi ya watu asiowajua. Kisha akasema mstari ni mzunguko. Ukishainua shingo unaikaza kwa ncha ya kidole huku unatembea, na kila ukizunguka mara moja unaacha mstari mmoja. Yeye huzunguka mara tatu, kama alivyofanya mama yake, kwa sababu magoti yao hayaruhusu zaidi. Akaongeza kwamba yule jirani yenu wa zamani alikuwa akipiga mitano, si kwa hekima, bali kwa kuwa Mungu alimjalia magoti ya mbuzi. Watu walicheka sana. Mwandishi hakuandika hata neno.

Mkurugenzi aliniita ofisini Jumatano. Nataka nimtendee haki: hakupandisha sauti, na alinipa kiti kabla ya kunipa lawama. Alisema mgeni rasmi atakuja Jumamosi na hotuba yake imejengwa juu ya mistari hiyo. Alisema sanaa ya jadi isiyo na maana ni vyombo tu. Sikuweza kumpinga papo hapo, Mama, kwa sababu sentensi hiyo, au dada yake, nimewahi kuitamka mwenyewe mbele ya wanafunzi. Basi akaniagiza nimkumbushe Mama mdogo yale maelezo. Asipokubali kuyasema, nafasi yake ya Jumamosi itapewa mwanamke mmoja aliyewahi kuigiza redioni, akae kando ya chungu kilichokwisha kukauka, awaeleze watu. Nilimuuliza kama mwanamke huyo anajua kufinyanga. Alijibu kwamba anajua kuongea.

Na mimi nilikwenda kumshawishi Mama mdogo. Nalisema hili wazi ili usije ukanifanya shujaa huko nyumbani. Nilimkuta kwenye korido ya nyuma akila chakula chake cha mchana juu ya kasha la spika, nikamwambia hana haja ya kuamini, aseme tu, dakika mbili, kisha aendelee na udongo wake. Akaniuliza hayo maneno niliyapata kwa nani. Nikasema ni matokeo ya utafiti. Akataka kujua huyo Utafiti ni mtoto wa nani. Halafu, bila hasira, akanieleza kwamba alianza kutembea kinyumenyume nyuma ya mama yake akiwa na miaka saba, na kama shingoni mwa chungu kungekuwa na wafu na watoto ambao hawajazaliwa, hapana shaka angeonywa awe mwangalifu asiwakanyage.

Mkata karatasi alikuwa kwenye kasha la pili, anamsikiliza mkalimani wake. Akacheka peke yake kwa muda, kisha akasema jambo ambalo nimelitafakari sana tangu siku ile. Kwa miaka thelathini amekuwa akiwaambia watu kwamba ndege anaowakata ni ishara ya amani. Kumbe anakata ndege kwa sababu karatasi ikikunjwa mara mbili, mabawa hutoka yenyewe; samaki ni wagumu zaidi. Alitaka kujua Mama mdogo alianzaje kukataa.

“Mwambie nilianza kwa kusema hapana,” alisema Mama mdogo.

Mkalimani alitafsiri kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe; nadhani alitia na yake.

Kufikia Ijumaa mkurugenzi alipata njia ya kati. Mama mdogo afinyange, asiseme lolote. Mimi nisimame na kipaza sauti, nisome maelezo ya kila mstari wakati kidole chake kinapoupitisha. Nilipompelekea habari hiyo, hakubisha. Alisema, “Wewe soma lako, mimi nizunguke langu.” Mtu aliyelelewa na nyinyi wawili alipaswa kuiogopa sauti ile. Mimi nilishukuru, nikaenda kuhesabu viti.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mgeni rasmi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliketi mbele. Mama mdogo alianza kazi, shingo ikapanda, akalowesha kidole. Mzunguko wa kwanza, nikasoma habari za waliotangulia. Wa pili, nikasoma za waliopo. Sauti yangu ilikuwa nzuri, Mama, nakiri niliisikia kuwa nzuri. Wa tatu, nikasoma za watakaozaliwa, watu wakaanza kupiga makofi, nikakunja karatasi.

Mama mdogo hakusimama. Alilowesha kidole tena, akashika kiuno kwa mkono wa pili kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma na kila mtu aliliona hilo, akaanza mzunguko wa nne. Makofi yakakatika vipande vipande. Aliutembea ule mzunguko taratibu kama mtu anayefagia uwanja wake. Mkurugenzi alinionyesha ishara kwamba niseme chochote. Alipomaliza akanyooka kwa shida, akafuta kidole kwenye sketi, akamwangalia mgeni rasmi. Mgeni rasmi, kwa nia njema kabisa, aliuliza mstari wa nne ni wa akina nani.

“Muulize aliyeandika,” alisema Mama mdogo.

Ningeweza kutunga. Hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa: maneno yalikuja, yamejipanga, wa nne ni wa wageni, wa nne ni wa dunia nzima, na ukumbi ule ungeyapokea kwa vifijo. Sijui kilichonizuia. Ningependa kuandika kwamba ni dhamiri, lakini huenda ni yale magoti ya Mama mdogo tu. Nilishika kipaza sauti nikasema, “Mistari hii haina maana niliyoisoma. Maana ile niliitunga mimi.” Kisha nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza baadhi yao walidhani ni sehemu ya onyesho.

Sitakueleza zogo lililofuata. Hilo nadhani umelipata likiwa na chumvi ya kutosha. Nitakueleza tu kwamba mkata karatasi alisimama na kupiga makofi peke yake, na kwamba mgeni rasmi aliiweka hotuba yake mkobani, akaomba aonyeshwe jinsi ya kuzunguka kinyumenyume. Alizunguka mara moja na nusu, akashikwa na kizunguzungu, akashikwa na Mama mdogo.

Sasa nafika mahali ambapo Mama mdogo mwenyewe hapajui, kwa kuwa hili ni lako.

Katika tasnifu niliandika kwamba maelezo yale nilipewa na Bibi. Nilimtaja kama mtoa taarifa mkuu, na umri wake nikauweka. Ulipokisoma kitabu kile uliniambia wewe hukuwahi kumsikia mama yako akisema hivyo. Halafu ukafikiri, ukanitafutia njia. Ukasema lazima ilikuwa ile siku uliyokwenda sokoni ukaniacha na Bibi kando ya kitanda chake. Mama, siku ile Bibi alilala tangu ulipotoka mpaka uliporudi. Alikuwa amekwisha kuacha kusema wiki mbili kabla ya hapo, nawe ulijua. Msimamizi wangu alikuwa ameniandikia pembeni mwa sura ya tatu maneno mawili, “Maana yake?”, nami nilikuwa nimebakiwa na siku nne kabla ya kuikabidhi. Nikakaa kando ya mama yako anayekufa, nikamtungia maneno. Siku zilizobaki wewe ulikuwepo nyumbani, mwenye mikono iliyokwisha kupiga mistari ile maelfu ya mara, na sikukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungenijibu kama Mama mdogo alivyomjibu mwandishi wa gazeti.

Jana mkurugenzi aliniletea barua nitie sahihi. Inasema mfinyanzi, kwa sababu ya umri na elimu yake, hakulielewa swali, nami nilitamka niliyotamka kwa uchovu. Nikitia sahihi, nabaki na kazi. Nimemrudishia bila sahihi. Nimeandika pia kwa chuo kikuu na kuwaeleza sura ya tatu ilivyopatikana. Wakitaka shahada yao, wanajua ninakoishi. Kwa mkurugenzi sikuomba radhi na sitaomba, maana yeye hakunikosea wala sikumkosea kwa kusema kweli. Alinunua bidhaa mbovu niliyoiuza mwenyewe, ila sasa anataka niendelee kuiuza. Yawezekana nimefanya yote haya kwa kiburi kilekile kilichonifanya nitunge. Nimelipima jambo hili pande zote na sijapata jibu. Barua hiyo hata hivyo sitaitia sahihi.

Tena nimeanza kujihadhari na kitu kingine. Jumapili msichana mmoja wa kamati aliniuliza kama ule mzunguko wa Mama mdogo si mzunguko wa maisha. Nikamwambia ni mzunguko wa chungu.

Radhi naiomba kwako, Mama, na kwa Bibi kupitia kwako. Najua wateja wanaokuja kwenye banda lako wewe huwaeleza habari za waliotangulia na waliopo, na huongeza kwamba binti yako aliambiwa na bibi yake mwenyewe. Tafadhali usiseme tena. Ukiona haya kuwaeleza kweli, nyamaza, wachague chungu waende zao. Na akitokea mtu wa kunisema vibaya mbele yako, usinitetee. Lakini zaidi ya yote nakuomba uache kujitilia shaka kwa ajili yangu. Miaka sita umeishi ukidhani mama yako alikuficha neno akaniambia mimi. Hakukuficha kitu. Ulikuwa unakumbuka sawasawa.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa mapenzi, na majirani wanaouliza na wasiouliza. Mama mdogo atapanda basi Alhamisi. Mpokee, na umtafutie maji ya moto ya magoti.

Ni mimi mwanao, mzaliwa wako wa pili.