Propela na Ile Miti ya Mwisho wa Uwanja

Mama Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Propela iliyo mezani ni ya ile ndege ninayoiunda, si ubao wa kukatia vitunguu, tafadhali.

Asubuhi nilijisifu kwamba hii itatupa kasi kuliko ndege zote. Ukauliza, "Na ile miti mwisho wa uwanja, tutairuka?" Nikanuna, nikakwambia umuulize mhandisi. Ukajibu, "Yupi? Yule aliyeacha chuo mwaka wa tatu?" Iliniuma, bibi wewe. ~~Basi ndege yangu hupandi.~~ Nimepiga hesabu. Tungeigonga.

Nimekwenda kwa seremala anichongee nyingine, haina mbio lakini inainua ndege upesi. Tutaelea polepole juu ya mabati yetu, wewe kiti cha nyuma, ukinisema mpaka mawinguni.

Baba Watoto