Kitambaa Ndani ya Piano

Nyumba ya Kona,
Mlango wa Kijani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo wewe na huo mgongo wako? Wifi hajambo? Na kale kadogo, meno yameshatoka au bado kanatutafunia vidole kwa ufizi? Sisi huku tunapumua. Goti langu linanisumbua kwenye pedali ya cherehani, ila likiona mteja anaingia linanyooka lenyewe, lina unafiki kama mwenyewe.

Najua hapo ulipo umeshaguna: dada kaandika barua, kwani simu yake imeliwa na panya? Simu ipo, nzima. Ila haya siwezi kuyasema kwa simu humu ndani, na sababu utaikuta mbele. Tafadhali kaa chini kwanza. Kama uko kazini, ikunje uisome ukirudi.

Nianze na mazuri, maana yapo. Mwanao uliyeniachia huku ameiva. Mwalimu wake wa piano, yule mzee wa tai fupi, anasema hajawahi kupata mtoto wa miaka kumi na mitatu anayesoma noti kwa kasi ile. Yuko kitabu cha tatu sasa. Kile kidole cha pete kilichokuwa kinamlegea kimepata adabu. Mwisho wa mwezi anapiga peke yake mbele ya wazazi kwenye ukumbi wa shule, na gauni nimeshalikata.

Najua pia umemtangazia kila mtu huko kwamba mwakani unamchukua akasomee muziki. Yeye analala na kuamka na jambo hilo. Ndiyo maana barua hii nimeichana mara mbili nikaianza upya.

Unakumbuka kile kitambaa? Piano iko chumba changu cha kazi, na nyuma ya ukuta alikuwa anaishi nesi wa zamu za usiku. Mchana ndio usiku wake, maskini. Alikuja na kanga kichwani, macho mekundu, akaniambia, "Dada, nitakuja kumchoma mtu sindano isiyo yake kwa ajili ya usingizi!" Fundi wa piano akanishauri nishone kitambaa kizito, akakining'iniza ndani, kati ya nyundo na nyuzi. Nilitumia mabaki ya koti, nikakishona tabaka mbili. Tangu hapo piano ikawa kama mtu anayeimba kajifunika blanketi. Hata wewe ulilalamika kwenye simu, nikakwambia vumilia, jirani ni jirani.

Sasa katika miezi hiyo, mwanao, Chiriku wetu msemaji, akaanza kupungua maneno. Namwita aje kula, kimya. Namwita tena, kimya, mpaka nimguse bega ndipo anashtuka. Nikasema haya, usanii umempanda kichwani. Nikawa namwita Bi Mkubwa wa Piano na kumgombeza kabisa mbele ya wateja. Akipiga, anaegemeza shavu kwenye ubao, anainuka na alama usoni. Nikadhani ni madoido tu ya wanamuziki.

Mwalimu naye hakuona kitu. Wanafunzi wake wote anawahesabia mapigo kwa kuwagonga begani kwa vidole, ndiyo kawaida yake miaka yote, na Chiriku alikuwa anafuata bega. Na wewe, kaka, ukamsifu kwamba hataki simu ya sauti tupu, anataka ya picha kwa sababu amekukumbuka. Alipokuwa akikujibu nje ya swali, ulicheka ukasema mtandao mbovu.

Majuzi nesi akahamishwa kazi, akahama. Jumanne, Chiriku akiwa shule, nilimwita fundi tukakitoa kitambaa. Akabonyeza kibao kimoja tu, mkasi ukatetemeka mezani. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia fundi asiseme kitu, nataka mwenyewe ashangae.

Chiriku akarudi, akanawa mikono, akaketi kwenye piano. Kaka, chumba kilijaa! Mteja aliyekuwa anajaribisha sketi alijiziba masikio huku anacheka. Mimi namtazama mwanao usoni, nangoja aruke. Hakuruka. Aliegemeza shavu lake palepale, akapiga wimbo wote mpaka mwisho bila kosa. Kisha akanigeukia akasema, "Shangazi, hivi huyu nesi atahama lini tulitoe likitambaa lile? Nimechoka kupiga piano iliyofungwa mdomo."

Nilimnyooshea kidole tu mezani. Kitambaa kilikuwa mezani kwangu, nakitandika chini ya nguo nikipiga pasi. Alikitazama, akanitazama. Akafungua mfuniko wa piano, akaingiza mkono, akapapasa nyuzi kutoka upande hadi upande kana kwamba tumemficha kingine. Mteja akaondoka bila kuaga. Chiriku alifunga mfuniko taratibu, akasema, "Usimwambie baba."

Nimekwambia. Anisamehe.

Unamkumbuka mama ile asubuhi alipotuambia ndege wamehama mtaani? Paa lilikuwa limejaa ndege wanapiga kelele, na mimi na wewe tukacheka mpaka tukashika matumbo. Tulidhani anatutania. Tulipokuja kumzika, alikuwa hajasikia sauti zetu tangu tuko shule ya msingi. Sikuwaza kamwe kwamba kitu kile kinaweza kutukalia kimya hivyo, kikaturuka sisi kikamfuata mtoto.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio peke yangu, kutanguliza maneno. Alikuwa anaandika vizuri tu. Aliponiuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu wa hivyo na nikamweleza habari za mama, akaacha kuandika. Anataka kumpima wiki ya mwisho ya mwezi huu na anataka mzazi awepo. Nilimuuliza kama itarudi. Akasema tusubiri vipimo, lakini hakunitazama.

Tangu Jumanne mwanao anapiga piano kuanzia akitoka shule hadi chakula, kama mtu anayeanua nguo na mvua imeshaonekana. Anarudiarudia upande wa kulia, zile sauti nyembamba, anabonyeza kwa nguvu mpaka kucha zinageuka nyeupe. Simzuii. Nakaa kwenye cherehani nashona mishono ambayo kesho yake naifumua.

Sasa umejua kwa nini barua. Nikishika simu tu, anakuja kusimama mbele yangu na kuniangalia mdomo. Anasoma kila neno, kaka. Amejifundisha mwenyewe, sisi wote tupo na hatuoni.

Usinipigie kuniuliza, nitalia na yeye ataona. Omba ruhusa, wakikunyima acha kazi yao. Gauni na ukumbi wa shule visikupe haraka, kumsikiliza yeye utamsikiliza hata uzeeni. Njoo akusikie wewe. Sauti nzito bado anaipata ukiwa karibu naye, na yako ni nzito kama ya baba. Daktari hakuniambia imebaki muda gani, na mimi niliogopa kumuuliza.

Mpe wifi salamu zangu, umweleze taratibu, akiwa ameshakula. Mjomba na binamu wa huko wasalimie tu, haya wasiyajue kwanza. Kadogo kabusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu. Halafu, kaka, kakiwa kanacheza, nenda usimame nyuma yake, upige makofi, uone kama kanageuka.

Mungu akulinde njiani na akufikishe kwetu mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo bila utani,

Fundi Cherehani.